Je, wachoraji wa ramani za Alaska waliukosea mto Yukon?
Wengi wakiweka ramani ya zamani ya Alaska kando ya picha ya setilaiti na kuona mto Yukon umepita kwingine, huamini wachoraji walikisia tu, kwa kuwa huko ni mbali na hakufikiki kirahisi. Ni dhana inayoeleweka. Lakini ramani nyingi za huko za skeli ya 1:63,360, yaani inchi moja kwa maili moja, zilitokana na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, hasa miaka ya 1950. Mto ulichorwa pale ulipokuwa siku hiyo.

Kilichohama ni mto wenyewe. Kwenye tambarare zinazozunguka Fort Yukon, mji mdogo ulio kando ya mto huo, kingo ni za mchanga na tope. Barafu ikivunjika baada ya majira ya baridi, maji hufurika, kingo humeguka, na kona nzima huweza kukatwa ikabaki ziwa lenye umbo la mwezi mwandamo.

Ukitaka kuhakiki, soma maandishi madogo pembezoni mwa ramani: mwaka wa picha na mwaka wa kuchapishwa mara nyingi hutofautiana, na wenye uzito ni ule wa picha. Kisha linganisha vilima vya kwenye ramani na vya kwenye picha ya setilaiti, si maji, kwa kuwa vilima havihami kama mto.