Bati nene halipozi ofisi ya bustanini

Anayejenga kichumba cha ofisi nyuma ya nyumba mara nyingi huambiwa: chukua bati la geji 28 badala ya 30, ndani kutakuwa na ubaridi. Si kweli. Geji 30 ina unene wa takriban milimita 0.3, geji 28 takriban 0.4. Chuma hupitisha joto upesi mno, hivyo sehemu hiyo moja ya kumi ya milimita haizuii chochote. Saa saba mchana yote mawili huwaka moto juu na chini.

Geji 28 ina faida zake: haibonyei ovyo fundi akilikanyaga, na hustahimili upepo zaidi. Linunue kwa hayo.

Kwa joto, anza na rangi. Bati jeupe hurudisha jua. La maruni hulimeza. Kisha tandika karatasi ya alumini chini ya papi (mbao zinazopigiliwa bati), na hapa ndipo kazi nyingi huharibika: ikigusana na bati hupokea joto moja kwa moja, ikawa pesa imetupwa. Papi ya inchi 2 kwa 2 huacha yenyewe nafasi ya hewa ya kutosha. Upande unaong'aa uelekee chini, maana ukielekea juu hushika vumbi na kufifia. Halafu dari ya jipsamu, na juu yake matundu mawili yenye wavu kwenye kuta zinazotazamana, hewa ya moto ipate pa kutokea.

Bajeti ikibana, geji 30 jeupe lenye dari ni afadhali kuliko geji 28 la maruni lisilo na dari.