Mgeni wa Seva Haondoki Leo: Dhana Tunazodanganyana Kuhusu Usalama wa Linux

Mama mmoja mwenye duka la dawa Ngamiani alinipigia simu asubuhi moja, hata chai sijaimaliza. "Mwanangu, mashine yako imelala? Naandika Panadol, inazunguka tu." Nikamwamkia, nikamwomba dakika kumi. Seva yake ya mauzo, yaani kompyuta ya mbali inayotunza mauzo ya duka, ni ya kukodi, iko Ujerumani, inaendesha Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, na aliyeiandaa ni mimi. Nilipoingia na kuandika `top` nikakuta programu iitwayo kdevtmpfsi imekula prosesa yote. Jina hilo limechaguliwa kijanja. Kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo, ina kazi yake halali iitwayo kdevtmpfs, na hiyo herufi moja ya nyongeza humpita kirahisi mtu mwenye usingizi. Kumbe ni mchimba sarafu za kidijitali. Nikaiua. Haikupita muda imerudi.

Namna ilivyoingia nitaisema mbele, maana aibu ni yangu. Kwanza niyataje maneno tunayoambiana mafundi wa hapa Tanga, maana mengi niliyaamini hata mimi.

Dhana: Linux haishiki virusi

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Ukweli wake ni nusu: virusi vya kompyuta za mezani, vile vya kusambaa kwa flashi kutoka stationery moja hadi nyingine, vingi vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Lakini seva haishambuliwi kwa flashi. Juni 2017 kampuni ya Korea Kusini ya kukodisha seva, Nayana, ilifungiwa mafaili kwenye seva 153 za Linux na programu ya utekaji (hufunga mafaili mpaka ulipe) iitwayo Erebus. Tovuti zaidi ya 3,400 za wateja zikaguswa. Baada ya kubembelezana bei, kampuni ikakubali kulipa bitcoin 397.6, karibu dola milioni 1 za Marekani kwa thamani ya wakati ule.

Wachunguzi walipoitazama tovuti ya kampuni hiyo walikuta kerneli iliyotengenezwa 2008, na Apache na PHP, programu za kuendeshea tovuti, za 2006. Linux ilikuwapo. Fundi wa kuitunza ndiye aliyekuwa hayupo.

Dhana: Sisi wadogo, nani atatutafuta Tanga?

Hakuna anayekutafuta, na hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Anwani za IPv4, yaani namba za mashine kwenye mtandao, hazifiki bilioni 4.3 zote kwa jumla. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu yao ya ZMap kwamba mashine moja yenye laini ya gigabiti 1 inaweza kugonga mlango mmoja wa kila anwani kati ya hizo kwa muda usiofika dakika 45. Roboti, yaani programu ya kugonga namna hiyo, haijui Ngamiani wala Raskazone. Inajua namba tu, na kila namba inaigonga.

Kodi seva mpya leo, uiache ipumzike, kisha usome `/var/log/auth.log`, faili la logi linaloandika kila anayejaribu kuingia. Utaona watu usiowajua wakijaribu kuingia kwa jina la root (mkuu wa seva mwenye mamlaka yote), admin, ubuntu, oracle, postgres, mchana na usiku. Hawataki siri za duka lako la dawa. Wanataka prosesa ya kuchimba sarafu, anwani ya kutuma barua taka, au mahali pa kujificha wakimshambulia mtu mwingine.

Ila siri zikiwamo, tatizo ni lako. Duka la dawa lina majina ya watu na maradhi yao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haiulizi kama biashara yako ni kubwa au ndogo.

Dhana: Nimewasha ufw, mlango umefungwa

Hapa ndipo nilipoangukia pua. ufw ni ukuta wa Ubuntu wa kuzuia wageni wa mtandao (firewall). `ufw status` ilinionyesha kila kitu kimezuiwa isipokuwa SSH (njia ya fundi kuingia kwenye seva akiwa mbali) na wavuti, nami nikalala usingizi. Lakini programu ya mauzo ilikuwa ndani ya Docker, mfumo wa kuendesha programu ndani ya visanduku viitwavyo konteina, na Redis yake (programu ya kuhifadhi data) niliiwasha kwa `-p 6379:6379`, yaani mlango wake namba 6379 nimeutangaza nje, ili niijaribu kutoka nyumbani. Docker ikiambiwa hivyo huandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables, orodha ya kanuni za mtandao za Linux, na mzigo wa konteina hupita njia ambayo kanuni za kawaida za ufw hazisimami. Bawabu alikuwa mlango wa mbele huku mimi nimebomoa ukuta wa uani.

Kibaya zaidi, Redis ina kinga ya kukataa wageni wa nje pale isipowekewa nywila, ila kwenye picha (image) rasmi ya Docker, kifurushi cha kutengenezea konteina, kinga hiyo huja imezimwa. Kwa hiyo Redis yangu ilikuwa wazi kwa dunia nzima, bila nywila.

Dawa yenyewe ni maneno machache: `-p 127.0.0.1:6379:6379`, yaani mlango uonekane ndani ya mashine yenyewe tu, au usitangaze mlango kabisa, konteina zizungumze zenyewe kwa zenyewe. Na usiiulize seva kama imefunga milango yake. Toka nje, tumia mashine nyingine, piga `nmap`, programu ya kukagua milango iliyo wazi, uone mgeni anaona nini.

Dhana: Nimehamisha SSH kutoka 22, basi

22 ndiyo namba ya kawaida ya mlango wa SSH. Ukiihamisha, kelele kwenye logi zitapungua, hilo sikatai. Usalama bado. Kinachozuia watu ni funguo: tengeneza jozi kwa `ssh-keygen -t ed25519`, ufunguo wa siri ubaki kwenye laptopu yako na uwekewe nywila yake, kisha zima kuingia kwa nywila na zima root kuingia moja kwa moja.

Na hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Unaandika `PasswordAuthentication no` kwenye `sshd_config`, faili la mipangilio ya SSH, unawasha upya huduma, unafurahi. Kumbe kwenye seva nyingi za Ubuntu za kukodi kuna faili dogo `50-cloud-init.conf` ndani ya `sshd_config.d`, limeandikwa `yes`, na SSH hushika neno la kwanza inalolisoma. Faili hilo husomwa kabla ya lako. Usiamini ulichoandika, uliza `sudo sshd -T | grep passwordauthentication`. Na usifunge dirisha ulilomo mpaka ujaribu kuingia kwa dirisha la pili, la sivyo utajifungia nje mwenyewe.

Dhana: Kinachofanya kazi usikiguse

Wapo mafundi wanaojivunia seva isiyozimwa siku 700, kama mtu anayesifia gari lisilowahi kumwagwa oili. Kiraka cha kerneli (marekebisho ya kuziba kasoro) hukaa kwenye diski tu mpaka uwashe upya, labda uwe na huduma maalumu ya kubandika viraka mashine ikiwa hai.

Na kasoro hazizaliwi siku zinapotangazwa. Ile ya sudo, amri ya kumpa mtumiaji mamlaka ya root, iliyofichuliwa Januari 2021 ilikuwamo tangu 2011. Ile ya pkexec, amri nyingine ya aina hiyo, ya Januari 2022 ilikuwamo tangu 2009, na iliweza kumgeuza mtumiaji wa kawaida kuwa root. Julai 2024 OpenSSH, programu inayoendesha SSH kwenye seva nyingi, ilikutwa na kasoro iliyokwisha kuzibwa 2006, ikarudishwa kwa bahati mbaya 2020. Washa `unattended-upgrades` ishughulikie viraka vya usalama, na panga saa tisa usiku mara moja moja ya kuwasha upya, duka limefungwa na hakuna anayenunua Panadol. Kama bado unaendesha CentOS 7, toleo la zamani la Linux, jua viraka vyake vya kawaida vilikoma Juni 30, 2024. Hapo hata ukitaka kusasisha hakuna cha kusasisha.

Dhana: Msimbo uko wazi, macho mengi yanaulinda

Macho yapo, lakini si yote yanatazama. Machi 29, 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba XZ Utils, programu ya kubana mafaili, toleo la 5.6.0 na 5.6.1 limewekwa mlango wa siri kupitia SSH. Aliyeuweka alijiita Jia Tan na alikuwa amejenga imani ya mradi kwa zaidi ya miaka 2. Freund aligutuka kwa sababu kuingia kwa SSH kulichelewa karibu nusu sekunde. Seva zilizo kwenye matoleo tulivu ya Debian na Ubuntu hazikufikiwa, na ndiyo sababu simpangii mteja toleo lililotoka jikoni jana.

SELinux na AppArmor, walinzi wa ndani ya Linux wanaozuia programu kugusa visivyo vyake, nazo zina watu wa kuzizima kila programu inapogoma. Soma logi uone kilichokataliwa, ruhusu hicho kimoja. Inachosha, ndiyo.

Dhana: Nimeisafisha, imepona

Mji wetu una msemo wake, waja leo waondoka leo. Mgeni wa seva haufuati. Kdevtmpfsi ilikuwa na mchungaji wake, programu iitwayo kinsing, inayoizalisha upya kila inapouawa. Niliwaua wote wawili, nikafuta mafaili, nikampigia mama kumwambia tayari. Baada ya siku mbili wamerudi, maana mlango wa Redis sikuwa nimeugundua. Nilipougundua nikaona na jambo jingine: nywila ya hifadhidata ilikuwa humo humo kwenye konteina, kwa hiyo sikuwa na namna ya kujua waligusa nini.

Seva iliyoingiliwa haisafishwi, hujengwa upya. Nilikodi nyingine, nikafunga mfumo kutoka sifuri, nikabadilisha nywila na funguo zote, nikarudisha data peke yake bila programu. Bahati nakala zilikuwa kwenye mashine nyingine kabisa, ambayo seva ya zamani haikuwa na ufunguo wa kuifuta. Wanaoweka nakala kwenye folda ya seva ileile, mtekaji hufunga vyote kwa mkupuo mmoja.

Kazi ilichukua Jumamosi nzima. Mama aliuza dawa siku hiyo kwa daftari la mistari na kalamu. Seva sasa iko sawa, lakini daftari lile hajaliondoa kaunta, na mpaka leo kila mauzo huyaandika mara mbili.