868 kwenda 915 siyo kubadilisha namba tu

Nimeulizwa tena wiki hii, "kifaa cha redio cha Ulaya cha megahezi 868, si unaandika tu 915 badala ya 868 kwenye programu, mzigo unaenda Marekani?" Jamani, hapana. Chipu ya redio itakubali, nyingi zinafika kote huko. Ila fileta (chujio la masafa) ya 868 iliyo mbele yake itameza hiyo 915, antena nayo hailingani tena na masafa hayo, nguvu inarudi nyuma badala ya kwenda hewani. Hayo lakini ni vipuri, unabadilisha yanaisha.

Kinachoniudhi ni sheria za muda wa kurusha mawimbi. Watu wanadhani sheria ni ile ile na kinachotofautiana ni namba. Ulaya, kati ya 868.0 na 868.6 unapewa miliwati 25, na kama kifaa hakisikilizi chaneli kwanza basi kisizidi asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Marekani kwenye 902 mpaka 928 hiyo asilimia hawana habari nayo, unapewa hadi wati 1, lakini ukitumia mtindo wa kurukaruka kati ya chaneli nyembamba lazima ziwe angalau 50 na kila moja usiikalie zaidi ya milisekunde 400 ndani ya sekunde 20. Sasa chukua LoRa (redio ya kutuma data kidogo kwa umbali mrefu) ya SF12, yaani mpangilio wake wa polepole unaofika mbali, upana wa kilohezi 125, utangulizi wa kawaida wa simbo (alama za mawimbi) 8: ule utangulizi peke yake, kabla hujatuma hata baiti moja ya data, unakula milisekunde 401. Ulaya inapita bila shida, Marekani umeshavunja sheria na hujasema kitu! Kwa hiyo unashuka SF10, iliyo na kasi zaidi, umbali unapungua, pakiti unazikata upya, na aliyeandika programu akidhani kazi imeisha anaanza tena.

Kurudi nyuma, yaani kupeleka kifaa cha Marekani Ulaya, ndo hatari zaidi, maana 902 mpaka 915 kwa Ulaya ni masafa ambayo simu zinatumia kuongea na mnara. Na Japani, kwenye 920, kwa kawaida usikilize kwanza ndo urushe.

Halafu nguvu yenyewe. Miliwati 25 za Ulaya zinahesabiwa hewani, antena ikiwemo, wakati ile wati 1 ya Marekani inapimwa pale antena inapochomekwa, na antena ikizidi 6 dBi (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya nguvu upande mmoja) unapunguza nguvu. Namba ya nguvu ninayopima mezani kwangu siiamini sana, kwa sababu ukisogeza waya wa umeme au ukikifunga kifaa kwenye nguzo ya chuma inabadilika, kwa hiyo huwa naacha desibeli 2 chini ya kikomo, na mteja akilalamika kuhusu umbali namwelekeza kwenye antena kwanza.