“Si kila” si sawa na “baadhi si”

Wiki hii nimesahihisha tena karatasi za mantiki, na kosa ni lile lile: “kila S ni P” (S na P ni makundi yoyote) ikiwa kweli, basi “baadhi ya S ni P” nayo ni kweli, bila kuuliza. Walioandika hivyo si wavivu. Ndivyo walivyofundishwa.

Chukua ploti yetu hapa Umoja, Nairobi. Tuseme keateka amebandika langoni: “Wapangaji wote wenye magari wameshalipia maegesho.” Hakuna mpangaji mwenye gari, sote tunapanda matatu. Ni uongo? Basi nionyeshe mwenye gari ambaye hajalipa. Hayupo. Kwa usomaji wa kisasa, wa wanamantiki kina Venn karne ya 19, kauli ni kweli. Lakini “baadhi ya wenye magari wamelipa” ni uongo, maana “baadhi” inadai awepo walau mmoja. Njia ya A (“kila S ni P”) kwenda I (“baadhi ya S ni P”) imekatika, na Darapti, silojismi (hoja ya kauli mbili na hitimisho) inayotegemea njia hiyo, imekwenda nayo: kati ya silojismi 24 za jadi zinabaki 15.

Sasa linaloniudhi. Vitabu husema Aristotle alisahau seti tupu (kundi lisilo na hata mmoja), ndiyo maana mraba wake, unaopanga uhusiano wa A, I, E (“hakuna S aliye P”) na O, kanusho la A, ukavunjika. Hebu tazama O yake: yeye husema “si kila”, vitabu vyetu huandika “baadhi si”. Kiswahili kinaitenga tofauti hiyo waziwazi. “Si kila mwenye gari amelipa” inakanusha tu. “Baadhi ya wenye magari hawajalipa” inakuletea watu mlangoni. (Na “wote hawajalipa” ni E, jamani, si O!) Ipe A dai la kuwepo, O iache iwe kanusho tu. Pasipo na S hata mmoja, A na I ni uongo, E na O ni kweli, na mraba umesimama wima. Mwanafalsafa Buridan aliusoma hivyo huko Paris, karne ya 14.

Mimi mwenyewe sijatulia. Nikisomewa tangazo lile sitajibu “kweli” wala “uongo”, nitauliza, “Magari gani?” Mwanafalsafa Strawson, mwaka 1952, alishika hapo hapo: S wasipokuwepo, swali la ukweli halizuki. Kwa mazungumzo namkubalia. Lakini onyo la ukutani, “Kila atakayeiba atashtakiwa”, halingoji mwizi aje ndipo liwe kweli, na “kila” ni ile ile. Kanuni moja ya kubeba tangazo na onyo pamoja sijaipata.

Darasani nadai kitu kimoja. Ukitaka kuvuka kutoka “kila” hadi “baadhi”, andika kwanza mstari wa “yupo S”. Usipouandika, alama sitoi.