Kompyuta Iko kwa Polisi, Kesi ya Madai Inaendelea

Wapelelezi wakichukua kompyuta ya kampuni kwa uchunguzi wa jinai, kesi ya madai kuhusu mkataba uleule haisimami yenyewe. Nchini Kenya, Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 zinamtaka mlalamishi aambatanishe nakala za hati atakazozitegemea, na mdaiwa vivyo hivyo kwenye utetezi wake. Kusema "kila kitu kiko kwa polisi" hakutoshi, kwa sababu njia ya kupata nakala ipo.

Iko katika kifungu cha 49 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Aliyepekua anapaswa kuandika orodha ya alivyochukua, tarehe na saa, na kukupa nakala ya orodha hiyo. Ukiomba, akuruhusu kunakili data au akupe nakala yake. Anaweza kukataa ikiwa upelelezi utavurugika. Hapo unaiomba mahakama. Omba kwa maandishi na uwe mahususi. "Barua pepe za mhasibu na msambazaji, Januari hadi Juni" ni ombi linalotekelezeka. "Data yote" ni kujitafutia kukataliwa.

Nakala ikitolewa, iandikiwe papo hapo alama ya hashi, yaani mfuatano unaokokotolewa kutoka kwenye faili na kuonyesha kama imebadilishwa. Mbinu ya SHA-256 hutoa herufi na tarakimu 64, na ukigusa hata nukta moja ndani ya faili, alama inayotoka ni nyingine kabisa. Hifadhi nakala hiyo bila kuigusa, ufanyie kazi nakala ya pili.

Wengi hukwama kwenye cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoambatana na rekodi ya kielektroniki inayotolewa kama ushahidi. Cheti kieleze rekodi ni ipi, ilitolewaje na kwa kifaa gani, kisha kitiwe saini na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho. Cheti cha wakili ambaye hajawahi kuishika simu yenye ujumbe unaotolewa ni mwaliko wa pingamizi. Kingine hutaja printa tu, kikaruka simu ujumbe ulikotoka na kompyuta ulikopitia.

Mahakama ikiamuru ufichuzi, yaani umwonyeshe mpinzani wako hati ulizo nazo, chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, hata barua pepe inayokuumiza huingia kwenye hati ya kiapo inayoziorodhesha. Kilicho kwa polisi kiorodheshe pia, ukitaja kituo, tarehe kilipochukuliwa, na uambatanishe barua yako ya kuomba nakala pamoja na majibu uliyopewa.