Fidla hazilii ovyo: dhana potofu kuhusu muziki wa okestra kwenye filamu

Mtu akitoka kutazama filamu iliyomliza, mara nyingi husema muziki wake ulikuwa mtamu. Muulize ulianzia wapi, hakumbuki. Muulize ulinyamaza wapi, ndiyo kabisa. Na kazi yenyewe iko hapo hapo, kwenye kuingia na kunyamaza, ndiyo maana wengi tunaielewa vibaya.

Tunadhani mtunzi hukaa kwenye piano akingoja wimbo mzuri umshukie. Wimbo mzuri unahitajika, sikatai. Lakini kabla ya nota ya kwanza kuandikwa, mtunzi na mwongozaji huketi wakaitazama filamu tukio kwa tukio na kubishana. Muziki uingie mama anapoifungua barua, au akishaisoma? Ukiingia mapema, mtazamaji anajua msiba umefika kabla mama mwenyewe hajajua. Ukingoja, anaupokea pamoja naye. Hizo ni hadithi mbili tofauti, na picha ni ile ile.

Kisha inakuja hesabu. Filamu ya sinema kwa kawaida hukimbia fremu 24, yaani picha 24, kila sekunde, na mtunzi hana ruhusa ya kuisubirisha. Tuseme mlango unabamizwa sekunde ya 20 tangu muziki uanze, na muziki unahesabiwa nne nne, kila midundo minne ikiwa kipimo kimoja. Kwa mwendo wa midundo 66 kwa dakika, mlango unaangukia mdundo wa tatu wa kipimo cha sita, katikati ya sentensi ya muziki. Pandisha mwendo hadi 72, unaangukia mdundo wa kwanza wa kipimo cha saba, pale okestra inapotua kwa uzito wake wote. Aliyewahi kuimba kwaya ya nota anajua mdundo wa kwanza una nguvu gani. Ndiyo maana wapigaji studioni mara nyingi huvaa hedifoni zenye mlio unaowahesabia midundo, huku picha ikipita mbele ya kiongozi wao.

Dhana nyingine iliyoshika mizizi ni kwamba hisia kubwa hutaka okestra kubwa. Mtunzi Bernard Herrmann aliivunja mwaka 1960 katika filamu ya Psycho. Aliacha tarumbeta, filimbi na ngoma zote, akabaki na ala za nyuzi peke yake, kwa kuwa filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe naye alitaka sauti yake iwe hivyo pia. Alfred Hitchcock, mwongozaji, alitaka mauaji ya bafuni yasiwe na muziki wowote. Herrmann aliandika hata hivyo, na Hitchcock aliposikia zile fidla zikipiga mayowe alibadili mawazo. Mwaka 1974 mtunzi Jerry Goldsmith naye aliitungia filamu ya Chinatown kwa tarumbeta moja, piano nne, vinubi vinne, ala za nyuzi na wapigaji wawili wa ala za kugonga. Alipewa siku kumi tu, kwa sababu muziki wa mtunzi aliyemtangulia ulikuwa umekataliwa. Tarumbeta ile moja ina upweke ambao wapigaji mia wasingeupata.

Kuhusu mtunzi kufanya yote peke yake, ni nadra. Wengi huandika muswada wenye sauti kuu, kisha fundi wa okestra akagawa nani apige nini, na wanakili wakaandaa karatasi ya kila mpigaji. Mtunzi Ennio Morricone alikuwa tofauti: alishikilia kugawa ala zake mwenyewe. Na kompyuta? Siku hizi mwongozaji husikia kwanza muziki uliotengenezwa kwa kompyuta, lakini fidla 30 za kweli zinavuta pumzi pamoja, na pumzi hiyo inasikika.

Lipo kosa moja linaloniuma zaidi, la kuamini kwamba muziki mzuri hauwezi kutupwa. Wakati wa uhariri huwekwa muziki wa kuazima, wa muda tu, ili waongozaji wapate kufanya kazi. Hatari yake ni kuzoeleka. Mtunzi Alex North aliandika na kurekodi muziki wa okestra kwa ajili ya filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968. Mwongozaji Stanley Kubrick aliamua kubaki na rekodi za muziki wa kale na wa kisasa alizokwisha kuzipenda, na North alilijua hilo alipoiona filamu imekamilika bila nota yake hata moja. Alifariki mwaka 1991. Miaka miwili baadaye Goldsmith, rafiki yake, aliurekodi muziki ule upya, na ni kazi ya mtu mzima aliyejua alichokuwa akifanya.

Sisi wa huku tuna dhana yetu: filamu ikipigwa Afrika, muziki wake lazima uwe ngoma. Out of Africa ya mwaka 1985 ilipigwa Kenya, na mwongozaji Sydney Pollack mwanzoni alifikiria kutumia muziki wa Kiafrika. Mtunzi John Barry akamwonyesha kwamba hadithi ile ni ya wapenzi wawili wageni na macho yao juu ya nchi ile. Akaandika nyuzi ndefu, pana, zisizo na haraka, na akashinda Oscar. Naona alikuwa mkweli kwa hadithi aliyopewa: ile si Kenya, ni hamu ya mgeni kwa Kenya. Hadithi hiyo hiyo ikisimuliwa na Wakikuyu waliofanya kazi kwenye shamba la kahawa la hadithi ile, nyuzi za Barry zingekuwa uongo, na mtunzi angepaswa kuanza upya kabisa. Natamani niisikie okestra hiyo.

La mwisho, wengi huamini muziki daima huja mwisho, picha zikishakamilika. Mara nyingi ni kweli. Lakini mtunzi Hildur Guðnadóttir alianza kuitungia filamu ya Joker ya mwaka 2019 akiwa na skripti tu mkononi, akitafuta sauti ya mhusika kwenye chelo yake. Kuna tukio ambapo mhusika anakimbilia chooni baada ya kuua. Skripti ilisema aifiche bunduki na anawe uso. Mwongozaji Todd Phillips hakuridhika, akamchezea mwigizaji Joaquin Phoenix kipande cha chelo kilichokuwa kimetoka kwa Guðnadóttir. Phoenix alisikiliza, mguu wake ukaanza kuteleza sakafuni taratibu, kisha mikono ikafuata.