Carlos Torre: yanayosimuliwa na yaliyotokea

"Shambulizi la Torre, ufunguzi wa sataranji, ni la Mfilipino Eugenio Torre." Hapana. Eugenio, grandimasta (hadhi ya juu kabisa ya sataranji) wa kwanza kutoka Asia, alizaliwa 1951. Shambulizi ni la Carlos Torre Repetto, mzaliwa wa Mérida, Yucatán, Mexico, aliyelicheza miaka ya 1920. Mweupe (mwenye vipande vyeupe) anasogeza askari d4, farasi f3, kisha askofu g5, huku askari wa njia ya c akibaki nyuma; herufi ni njia ya wima ya ubao na namba ni mstari wa mlalo.

"Alimshinda Emanuel Lasker, bingwa wa zamani wa dunia, kwa kumtoa malkia sadaka." Alimtoa, ila alilipwa malkia kwa malkia. Mchezo ni wa mashindano ya Moscow, 1925. Malkia wawili walikuwa wakikabiliana kwenye mstari wa tano, wa Lasker b5 na wa Torre h5, na askofu wa Torre pale g5 ndiye aliyewatenganisha. Katika hatua ya 25 askofu akahamia f6. Askari wa g7 hakuweza kumla, kwa sababu ngome ya g3 ilimlenga mfalme nyuma yake. Lasker akamla malkia wa Torre pale h5, na mbinu iitwayo kinu cha upepo ikaanza: ngome inakula g7 na kumtisha mfalme, mfalme anakimbilia h8, ngome inaondoka g7 ikila kitu kingine, na papo hapo askofu anamtisha mfalme, ngome inarudi g7. Askari wa f7 akaliwa, kisha askofu wa b7, na mwisho ngome ikatua g5 na malkia wa Lasker pale h5 akanaswa.

Wanaoanza hukosea hapa: wanamkimbilia malkia mapema, ingawa hawezi kukimbia mfalme wake akiwa anatishwa kila mara. Torre angemdaka hatua ya 27, lakini f7 na b7 vingebaki. Askari wa a7 pia alilika, ila kumla kungefungua njia ya a dhidi ya askari wake wa a2. Akamwacha, na nadhani alifanya vizuri. Mwishowe alimpoteza askofu wa f6, akamla askari wa h6, akabaki na askari watatu zaidi.

"Alikuwa grandimasta wakati huo." FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ilianza kutoa hadhi hizo 1950. Torre alipewa ya ugrandimasta 1977, akafariki 1978. Ubora wake wa kimataifa ulikuwa mfupi mno: katika mashindano ya mwaka 1925 alikuwa wa 10 Baden-Baden, akagawana nafasi ya 3 na 4 Marienbad, na ya 5 na 6 Moscow. Alitoka sare na Alekhine na Capablanca, wachezaji wakubwa wa enzi hiyo. Baada ya mashindano ya Chicago 1926 akaugua maradhi ya neva, akarudi Mexico. Visa vya ajabu kuhusu ugonjwa huo vina matoleo mengi. Havifai kurudiwa kama ukweli.

"Mchezo wake na mwalimu wake Adams, New Orleans 1920, ulichezwa kama ulivyoandikwa." Mweupe anamtoa malkia tena na tena, na Mweusi hawezi kumla kwa kuwa mstari wa nane, anapokaa mfalme wake, ungebaki wazi kwa mati (mfalme kunaswa na mchezo kuisha). Ni mzuri kupita kiasi: watafiti wengi wanashuku kuwa ulitungwa, pengine na Torre mwenyewe kumheshimu mwalimu wake. Ufundishe kwa ajili ya mstari wa nane, usiutumie kama ushahidi wa uwezo wa Adams.